Dirisha la Marehemu

Nchi ninayoisimulia imewahi kuwa na majina kadhaa. Kila jina lilizinduliwa kwa ngoma na kufutwa kwa waraka, kwa hiyo sitalitaja lililopo leo. Huenda msomaji akafika mwisho wa hadithi hii likiwa limekwisha badilishwa. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Afya, Takwimu na Fahari ya Taifa, na kwamba wananchi wake ni watu wapole waliozoea kusubiri.

Zamani, katika nchi hiyo, mgonjwa wa maradhi ya kudumu alibeba kadi. Kadi ilikuwa ya karatasi ngumu, iliyojazwa kwa mwandiko ambao hata daktari aliyeuandika hakuweza kuusoma mara ya pili, na ilitunzwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo. Ikinyeshewa, mgonjwa alianza kuumwa upya tangu mwanzo. Wizara ikaliona tatizo, ikaunda tume. Tume ikasafiri nje, ikarudi imenenepa, ikapendekeza Shajara ya Afya ya Mwananchi.

Shajara ilikuwa mtandaoni. Kila mgonjwa wa kudumu alifungua akaunti kwa simu yake, akapewa nywila, na kila asubuhi akatakiwa kuandika kipimo chake: mwenye kisukari sukari yake, mwenye shinikizo la damu presha yake. Muuguzi wa kituo aliviona vipimo hivyo papo hapo, na mfamasia alitoa dawa kwa kufuata kilichoandikwa humo. Siku ya uzinduzi Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Faraji Kitundumbi, alipanda jukwaani akiwa amening'iniza shingoni kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo, ingawa shahada zake zote zilikuwa za utawala.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kuanzia leo afya ya mwananchi haitakaa tena mwilini mwake, mahali ambapo Serikali haioni. Itakaa kwenye mtandao, mahali ambapo Serikali inaona!"

Watu wakapiga makofi, na safari hiyo walikuwa na haki ya kupiga. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Mwaka wa kwanza lilifanya kazi kama lilivyokusudiwa, na hilo ndilo linalochosha zaidi kulisimulia.

*

Mmoja wa waliolipokea kwa moyo wote alikuwa Bwana Anselmi Mkongwa, mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu, mkavu, aliyesoma shule ya bweni enzi ambazo kitanda kisichonyooka kilipinduliwa na mwenye kitanda akakitandika tena huku wenzake wakinywa uji. Hakuwahi kuacha kutandika kitanda kwa namna hiyo. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, alijidunga insulini asubuhi na jioni, na Shajara ilimfaa kama sare iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Aliamka, akajichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti cha kupimia, akasoma namba, akaiandika, ndipo akanywa chai. Hakuandika namba ya kupendeza. Aliandika namba aliyoiona.

Asubuhi moja muuguzi alimpigia simu.

"Shikamoo, mzee wangu. Jana ulikula nini?"

"Marahaba. Nilikula pilau ya harusi."

"Ulirudia sahani?"

"Niliombwa na wenyeji."

"Basi Shajara haijaombwa na mtu, nayo imeona. Punguza wali, ongeza maharage, na uangalie kile kidonda cha mguu."

Akapunguza. Kidonda kikafunga. Mkewe, Bi. Eufrasia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwambia maneno yaleyale bila kusikilizwa, alisema kwamba laiti angalijua angalijifungia ndani ya simu tangu siku ya harusi.

*

Kisha ukatangazwa ukaguzi.

Jumuiya ya Mataifa Yanayojali ilileta taarifa kwamba ingetuma ujumbe kuja kuona jinsi Shajara ilivyoboresha afya. Mheshimiwa Kitundumbi alifungua mfumo kwa mara ya kwanza tangu auzindue, akatazama vipimo vya wananchi, akafadhaika. Wagonjwa walikuwa wameandika kwamba wanaumwa.

Hapa ni lazima nieleze desturi moja, kwa kuwa bila hiyo mgeni hawezi kuielewa nchi hii. Watawala wake karibu wote wamepitia shule za bweni, na katika shule hizo Jumamosi asubuhi hufanyika ukaguzi wa mabweni. Mwalimu wa zamu hupita kitanda hadi kitanda, huinama, hutazama uvunguni. Sasa, kila bweni huwa na mvulana mmoja aliyelazwa zahanati ya shule kwa malaria au tumbo, na kitanda chake hakikaguliwi, kwa sababu si haki kumwadhibu asiyekuwapo. Basi ndoo zilizotoboka, kaptula zenye matope, mabaki ya mihogo na kila aibu ya bweni zima husukumwa chini ya kitanda cha mgonjwa. Bweni hung'aa. Kikombe cha usafi hutolewa. Mgonjwa akipata nafuu hurudi akakuta takataka za wenzake, akazifua na kuzizoa, na hakuna anayemshukuru.

Mheshimiwa Kitundumbi alilala kitanda cha juu katika Shule ya Wavulana ya Ndolela, na kitanda cha chini alilala kiranja wa bweni, ambaye hakuwa mwingine ila Anselmi Mkongwa. Jumamosi moja kiranja huyo aliinama mwenyewe, akavuta takataka zote kutoka chini ya kitanda cha mgonjwa, akazipanga mbele ya mwalimu, akazitaja moja moja. Bweni likakosa kikombe. Kwa muhula mzima hakuna aliyemsalimu isipokuwa mgonjwa.

Waziri, basi, alijua la kufanya. Katika Shajara walikuwamo watu wasiokaguliwa. Wagonjwa waliofariki walikuwa bado na akaunti zao, kwa kuwa kanuni ilitaka akaunti ifungwe na mwenyewe, afike ofisini akiwa na nywila na kitambulisho, na hakuna marehemu aliyekuwa ametimiza masharti hayo. Mafundi wakaelekezwa. Tangu siku hiyo kipimo chochote kibaya kilichoandikwa na aliye hai kilihamishiwa kwenye akaunti ya marehemu, na aliye hai akawekewa kipimo chema mahali pake.

*

Bwana Mkongwa aliandika namba yake kama kawaida. Simu ikajibu: *Ndugu mwananchi, kiwango ulichoandika hakiendani na mafanikio yaliyopatikana. Tafadhali pima tena kwa uzalendo.*

Akapima tena. Uzalendo haukubadili kitu. Akaandika namba ileile, mfumo ukamshukuru, na kwenye kioo ikatokea namba nyingine, nzuri, ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

Kichupa chake cha insulini kilikuwa karibu kwisha. Akaenda kituoni. Mfamasia, Bi. Mwantumu, mwanamke mnene aliyezungumza huku mkono umeshika shavu, alitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Hongera, baba. Umepona."

"Nimepona lini?"

"Hapa panasema Jumanne."

"Nani kaniponya?"

"Hapaonyeshi. Panasema tu, dawa zisitishwe ili zisimdhuru mtu mzima wa afya."

"Binti yangu, nitazame. Macho yangu yanaona ukungu, nakunywa ndoo nzima ya maji na kiu haikatiki. Huyu ndiye mtu mzima wa afya?"

"Mimi nakuona, baba. Tatizo ni kwamba hapa hawajaniwekea sehemu ya kuandika ninachokiona."

Nyuma yake jokofu lilikuwa limejaa insulini hadi mlango haufungi vizuri. Bwana Mkongwa akauliza hizo ni za nani. Bi. Mwantumu akaelekeza kidevu upande wa pili wa jengo, ambako kulikuwa na dirisha jipya lenye kibao kilichopakwa rangi ya fedha: DIRISHA LA MAREHEMU. Foleni ya wajane ilikuwa imejipanga kwa utulivu.

"Marehemu wa nchi hii wana hali mbaya sana, baba," alisema. "Sukari juu, presha juu. Mfumo umewaongezea dawa. Na ndugu wasipokuja kuchukua, marehemu anaandikwa mtoro wa matibabu, na jina lake linabandikwa ukutani."

"Na hao wajane dawa wanazipeleka wapi?"

"Wengine wanazifukia kaburini, ndio agizo. Wengine..." Akashusha sauti. "Mtaani watu wanaishi, baba. Usiniulize wanaishi kwa nini."

Mjane mmoja kutoka mtaani kwao, Mama Chagonja, alipotoka kwenye foleni alimwona, akamsogelea na kifurushi mkononi.

"Baba Koletha, shika hii. Mume wangu haitumii, Mungu amrehemu. Hata alipokuwa hai aliikimbia sindano."

Bwana Mkongwa alikipokea, akakisoma, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Lakini kimeandikwa jina lake. Dawa ya Chagonja ni ya Chagonja."

"Chagonja yuko chini ya udongo!"

"Ndiyo maana hawezi kunipa ruhusa."

Mama Chagonja alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyekataa majani, akaenda zake.

*

Nyumbani Bi. Eufrasia hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya hatari.

"Umepewa dawa ukairudisha."

"Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Na huu mwili ni wa nani? Mimi nitauzika kwa jina la nani?"

"Mama Koletha, mimi nikianza kuishi kwa jina la Chagonja, nitakuwa nimekubali kwamba Mkongwa amepona. Na hajapona."

"Sawa. Hajapona, na anakufa akiwa msema kweli. Watakuandikia hivyo kwenye msalaba, mimi nitapita kuusoma nikitoka sokoni."

Bwana Mkongwa alichukua kichupa chake. Alipima matone yaliyobaki, akajidunga nusu ya kipimo, na asubuhi iliyofuata akavaa tai ya shule, ambayo ilikuwa imefifia lakini haijawahi kukunjwa ovyo, akaenda Wizarani.

*

Wizara ilikuwa na Kitengo cha Masahihisho, na kitengo kilikuwa na kijana mmoja mwenye adabu nyingi na kiti kinachozunguka.

"Shikamoo, mzee. Mfumo unatambua hali mbili tu," alieleza. "Hai na mzima, au marehemu. Wewe unaomba ipi?"

"Naomba hai na mgonjwa."

"Hiyo ilikuwapo kwenye toleo la kwanza. Imeboreshwa."

Pengine angezungushwa hapo hadi macho yazime kabisa, lakini Waziri alikuwa akipita kwenye ukumbi na msafara wake, akaiona tai.

"Kiranja!" alipaza sauti, akamkumbatia mbele ya makatibu wote. "Jamani, huyu ndiye kiranja wangu! Bado unainama kutazama uvungu?"

"Mgongo hauruhusu, Faraji. Lakini nimeona."

Wakaingia ofisini, wakaletewa chai. Waziri akatia sukari kwenye vikombe vyote viwili bila kuuliza.

"Sasa, nani anayeumia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyewahi kushinda kikombe. "Wageni watakuja, watatazama, watatusifu, wataondoka. Tulifanya hivyohivyo Ndolela, na hakuna mgonjwa aliyepewa adhabu."

"Yule mgonjwa alirudi bwenini, Faraji. Alikuta ndoo zetu na kaptula zetu, akazifua angali anatetemeka."

"Hasa!" Waziri aligonga meza kwa furaha. "Hapo ndipo mfumo wetu wa zamani ulipokosea. Hawa hawarudi. Hilo ndilo boresho!"

Bwana Mkongwa alikitazama kikombe cha chai ambacho hakuweza kukinywa.

"Nisikilize, Kiranja. Namtafuta Mgonjwa wa Mfano. Mtu wa heshima, mwenye kimo, asimame mbele ya wageni, apime sukari, aiandike kwenye Shajara wakiona, iwe nzuri, wapige makofi. Nitakuletea insulini nyumbani, kasha zima la barafu, kwa mlango wa nyuma. Utaishi kuliko mimi."

"Kasha sitalipokea."

"Na kusimama?"

Bwana Mkongwa alikisukuma kikombe hadi katikati ya meza.

"Kusimama nitasimama," alisema Bwana Mkongwa.

Kasha lilitumwa hata hivyo. Lilikaa kizingitini likivuja maji ya barafu hadi dereva aliporudishwa kulichukua. Bi. Eufrasia alikaa mkabala nalo muda wote huo, mikono mapajani, kama anayekesha kwenye msiba.

"Umekubali kwenda kuonyesha umepona, na dawa ya kupona umeikataa," alisema.

"Nimekubali kupima hadharani. Hakuniuliza nitaandika nini."

*

Siku ya ukaguzi ukumbi ulipambwa kwa maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi. Ujumbe uliongozwa na mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani na kishikwambi, ambaye alikuwa amesoma takwimu zote ndani ya ndege.

"Nimevutiwa," alisema. "Walio hai katika nchi hii wana afya isiyo na mfano duniani. Lakini nina wasiwasi na marehemu wenu. Hali yao inazidi kuzorota."

"Tumeliona hilo," alijibu Waziri bila kupepesa jicho, "na tumewafungulia dirisha lao maalumu."

"Vizuri sana. Tungependa kusaidia madirisha mengine."

Wajumbe wakaandika. Makofi yakapigwa. Ndipo akaitwa Mgonjwa wa Mfano.

Bwana Mkongwa alitembea polepole, akigusa migongo ya viti, kwa kuwa ngazi za jukwaa alikuwa akiziona kama ngazi zilizochorwa ndani ya maji. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Bi. Eufrasia, aliyekaa safu ya nyuma, alikuwa ameshika pochi kwa mikono miwili. Yeye peke yake ukumbini alijua kwamba kichupa kilikuwa kikavu.

Akajichoma kidole. Kwenye kioo kikubwa ilionekana damu, kisha kijiti, kisha mashine, na mashine ikafikiri kidogo, isitoe namba yoyote. Iliandika neno moja tu, ambalo mashine hizo huandika sukari inapopita mwisho wa kupimika.

"Imezidi," alisoma Bwana Mkongwa, kwa sauti ya kiranja anayeita majina. "Naandika: imezidi."

Waziri alisimama. Fundi aliinamia kompyuta. Lakini mama mwenye miwani alikuwa amekwisha kufungua akaunti ya Anselmi Mkongwa kwenye kishikwambi chake, kama ratiba ilivyomruhusu, na alikuwa ameikazia macho. Na maadamu mkaguzi aliitazama, kipimo hakikuweza kuhamishwa, kwa kuwa mafundi walikuwa wameuzuia mfumo kuhamisha kitu mbele ya macho yake. Mfumo ukazunguka, ukazunguka. Ulikuwa umefundishwa jambo moja tu, kwamba kipimo kama hicho hakikai kwa mtu aliye hai. Basi uliposhindwa kuihamisha namba kutoka kwa mtu, ukamhamisha mtu kuifuata namba.

Kwenye kioo kikubwa jina la Anselmi Mkongwa likazungushiwa fremu nyeusi.

 Mama mwenye miwani akavua miwani.

"Poleni sana," alisema. "Amefariki lini?"

Waziri alimtazama rafiki yake wa kitanda cha chini. Alitazama kioo. Kisha akapandisha koti mabegani, akasogelea kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti nzito, "taifa limempoteza kiranja. Naomba tusimame kwa dakika moja."

Wote wakasimama. Marehemu naye, kwa malezi aliyoyapata, akanyoosha mgongo, mikono ubavuni, akasimama na wenzake. Dakika ilipofika karibu na mwisho akaanguka, na waliokuwa karibu wakaona kwamba ni jambo la kawaida kwa mtu katika hali yake.

Bi. Eufrasia hakulia. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni, viatu mkononi, akikimbia kuelekea kituoni.

*

Kwenye Dirisha la Marehemu wajane walimpisha, kama ilivyo desturi kwa mwenye msiba mbichi.

"Anselmi Mkongwa," alisema huku akihema. "Insulini."

Bi. Mwantumu, aliyehudumia madirisha yote mawili, akatazama kompyuta, akatazama uso wake, akaondoa mkono shavuni.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Harakisha."

"Marehemu yuko wapi?"

"Yuko ukumbini, sakafuni. Wanaandaa hotuba."

Bi. Mwantumu alifungua jokofu. Alijaza mfuko, akavua koti jeupe, akalitupa kitini, akatoka mwenyewe na sindano mkononi. Na foleni ya wajane ikavunjika ikawafuata, wengine wakiwa wamebeba chupa za maji ya kutundikwa walizoandikiwa waume zao, wengine machela. Walimtundikia maji palepale chini ya jukwaa, wakati Katibu Mkuu akisoma wasifu wake. Kichupa kilikuwa na jina: Anselmi Mkongwa. Alipofumbua macho alikisoma kwanza, ndipo akakubali kuendelea kudungwa.

*

Yupo hadi leo. Haruhusiwi kupiga kura, ingawa ameambiwa kwamba kura yake imepigwa. Pensheni imekatwa, nyumba inakula kwa cherehani ya Bi. Eufrasia, na Wizara humtumia salamu za rambirambi kila mwaka ikimtaka azifikishe kwa familia. Lakini kila asubuhi hujichoma kidole, husoma namba, huiandika, na mfumo ambao ulimkatalia alipokuwa hai humpokea sasa bila neno. Muuguzi humpigia simu tena: marehemu apunguze wali, marehemu aongeze maharage. Mguu wake ni mzima.

Majirani wameanza kumjia mmoja mmoja, jioni, wakiwa wamevaa kwa heshima. Huongea kwanza habari za mvua na za watoto. Kisha mgeni hushusha sauti, akatazama mlango.

"Baba Koletha, samahani. Nimeambiwa nimepona tangu mwezi uliopita, na hali yangu unaiona. Hivi, kufa kunafanywaje?"

Naye huwajibu wote namna moja, akiwa amenyooka kwenye kiti chake.

"Pima. Andika ulichokiona, mbele ya watu. Hayo mengine Wizara itakufanyia."